Nusu Lulu za Fumba

Hapa Free Area, Nakuru, mikufu ya lulu huning'inizwa kwenye vibanda vya kando ya barabara, katikati ya miwani na chaja za simu. Nilimuuliza mwuzaji mmoja kama ni lulu za ukweli. "Za ukweli kwa mia mbili? Ndugu yangu, wewe umetoka wapi?" Jibu la haki. Hizo ni plastiki au kioo kilichopakwa rangi ya kung'aa, na anayetaka kuhakikisha asugue moja polepole kwenye ncha ya jino. Ya kiwandani huteleza. Iliyotoka kwa chaza hukwaruza kidogo, kwa sababu ngozi yake ni vipande vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vyembamba hivi kwamba safu 2,000 hivi ndizo zinazofikisha milimita moja.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna wajenzi wetu wa aina hiyo. Ukitoka Nakuru kuelekea Gilgil, pale Kariandusi, kuna machimbo ya mwamba mweupe na mwepesi. Ni mabaki ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, ulioishi katika ziwa la kale ukijitengenezea maganda kwa silika ya majini. Lulu, hata hivyo, hatuna. Maji ya magadi ya Ziwa Nakuru yanamfaa heroe. Chaza hawezi kuishi humo. Kwa hiyo mtu wa bara anayependa kazi ya lulu hana budi kuangalia pwani, na mimi huangalia rasi ya Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja.

Huko, katika miaka ya 2000, wanawake waliozoea kuokota chaza wakati wa bamvua walianza kufuga lulu. Walisaidiwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, hasa mtafiti Narriman Jiddawi, pamoja na Maria Haws wa Chuo Kikuu cha Hawaii huko Hilo. Chaza waliofaa walikuwa wa kwao wenyewe: yule mwenye midomo myeusi, ambaye ni spishi ileile inayotoa lulu nyeusi za Polinesia ya Kifaransa, na yule mwenye gamba lenye bawa upande mmoja.

Chaza huachwa kwanza atulie, afungue mdomo mwenyewe. Kabari ndogo huingizwa kabla hajafunga. Anayemlazimisha kwa kisu anaweza kumkata msuli, na chaza aliyekatwa msuli hafungi tena. Nyama husogezwa pembeni taratibu, ukuta wa ndani wa gamba hukaushwa, kisha viini vya plastiki vyenye umbo la nusu tufe hubandikwa kwa gundi. Mahali pa kubandika panataka jicho: kiini kikikaribia mno ukingo, gamba halifungi vizuri; kikikaribia msuli, kinaubana. Halafu chaza hurudishwa baharini bila kuchelewa.

Hayo ni ya dakika chache. Kazi yenyewe ni miezi 9 hadi 12 inayofuata, chaza akikipaka kiini safu zake mpaka kiwe nusu lulu. Chaza aliyening'inizwa kwenye kamba na maboya huvamiwa na kila kiumbe kinachotafuta pa kujishika: mwani, sifongo, hata chaza wa aina nyingine. Wapo kati yao wanaomnyang'anya chakula kinachoelea majini, na uzito wao huivuta kamba chini. Kwa hiyo chaza hutolewa, husuguliwa kwa brashi, hukwanguliwa, huangaliwa kama konokono mla nyama hajajificha karibu naye, kisha hurudishwa. Baada ya muda mfupi, tena. Na tena. Ukiniuliza ufundi uko wapi, nitakuonyesha brashi kabla ya gundi. Kubandika hufundishika kwa siku moja; kumweka mnyama hai, ashibe, asisumbuke mpaka apake safu za kutosha, ni tabia ya mtu. Chaza aliyesahaulika hupaka kidogo tu, na kiini huonekana kwa chini. Lulu ya namna hiyo haihitaji jino kuijua.

Wauzaji wa vito huiweka nusu lulu chini ya lulu ya mviringo. Bei hiyo naikubali, dharau siikubali. Mafanikio ya kwanza ya mfugaji lulu Mikimoto Kokichi, tarehe 11 Julai 1893 karibu na Toba, Japani, yalikuwa nusu lulu, na Wachina walikuwa wakibandika visanamu vya Buda ndani ya kome karne nyingi kabla yake. Ya mviringo ilikuja baadaye, na inataka upasuaji: kipande cha ngozi ya chaza mwingine hutiwa mwilini pamoja na kiini cha duara. Hivyo ndivyo Japani inavyopata lulu zake ndogo za akoya, na Australia zile kubwa nyeupe. Kome wa maji baridi wa China hufanyiwa jepesi zaidi: mara nyingi hutiwa vipande vya ngozi tu, bila kiini, na mmoja huweza kubeba makumi ya lulu.

Lulu hizo za Kijapani, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia, ziliivunja biashara ya wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba ya Uajemi katika miaka ya 1930. Miongoni mwa wapiga mbizi hao walikuwamo watu waliotekwa Afrika Mashariki na kuuzwa utumwani. Bahrain hadi leo hairuhusu biashara ya lulu za kufugwa. Ninaelewa uchungu wao, ila sijutii mbizi zile kuisha.

Mavuno ya nusu lulu nayo yana kazi yake. Hukatwa kutoka kwenye gamba kwa msumeno wa duara, kiini hutolewa, uwazi hujazwa gundi ngumu, na nyuma huzibwa kwa kipande cha gamba. Wapo wanaoiacha ndani ya gamba lake, ikiwa imezungukwa na weusi na kijani, na mimi nawaunga mkono: mkono wa mtu unaonekana, na wa chaza pia. Gamba linalobaki huwa hereni na vifungo. Hung'arishwa likiwa limelowa, kwani vumbi lake si la kuvuta. Nyama ya chaza huenda jikoni.