15.7 (5.27–43.2): Jinsi ya kusoma mabano ya kobalti ya Katanga

Mwaka 2009 jarida la Environmental Research lilichapisha utafiti wa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, akiwemo Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji. Walikuwa wamekusanya mkojo wa watu 351 wa Katanga, Kongo, wengi wao majirani wa migodi na viwanda vya madini, wakapima ndani yake metali 17. Kwa waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kwenye tanuru la kuyeyushia, matokeo ya kobalti yaliandikwa hivi: 15.7 (5.27–43.2). Kipimo ni mikrogramu za kobalti kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Hutumika ili aliyekunywa maji mengi asionekane msafi kwa sababu tu mkojo wake umezimuliwa.

Msomaji mwenye haraka huchukua 15.7 na kuyaacha mabano. Safu hii ni ya mabano, maana mle ndimo mlimo habari kubwa zaidi.

Tarakimu mbili za mabanoni ni mipaka ya robo. Robo ya watu walikuwa chini ya 5.27. Robo nyingine walikuwa juu ya 43.2. Nusu iliyobaki imekaa kati ya hapo na hapo. Ukitoa 5.27 kwenye 43.2 unabaki na 37.93, na hilo ndilo pengo la robo: upana wa nusu ya katikati, baada ya kuwaweka kando walio chini kabisa na walio juu kabisa.

Tuifanye kwa mkono. Chukua chupa 11 (tarakimu ni za zoezi tu, hazikutoka kwa mtu yeyote) ambazo ukishazipanga kutoka ndogo hadi kubwa zinasomeka hivi: 2, 4, 5, 7, 11, 15, 19, 28, 44, 70, 310. Kupanga ndiyo kazi yenyewe. Ukiruka hatua hiyo, mengine yote ni bure. Ya katikati ni ya sita, yaani 15, nayo ndiyo mediani. Iweke kando. Kushoto zimebaki tano, na ya katikati yao ni 5. Kulia zimebaki tano, na ya katikati yao ni 44. Toa 5 kwenye 44: pengo la robo ni 39.

Sasa jumlisha zote, 515, ugawe kwa 11. Wastani wa kawaida ni 46.8. Tazama ulikoangukia: watu tisa kati ya 11 wako chini yake, na hata mpaka wa robo ya juu umeupita. Chupa moja ya 310 imewavuta wote. Na kama karani aliteleza akaandika 3100, wastani unaruka hadi 300.5, lakini mediani inabaki 15 na pengo la robo linabaki 39 vilevile. Ndiyo maana wanaopima sumu katika miili ya watu hawapendi kuripoti wastani wa kawaida peke yake. Karibu kila metali inayoingia mwilini kutoka vumbini ina watu wengi wenye kiasi kidogo na wachache wenye kiasi cha kutisha.

Banza na wenzake walitumia wastani wa kijiometri, na ile 15.7 ndiyo huo. Unachukua logi ya kila tarakimu, unatafuta wastani wa hizo logi, kisha unarudi kwenye tarakimu za kawaida. Kwa chupa zetu 11 unapata 16.4, karibu sana na mediani ya 15. Ile 310 bado imo hesabuni, ila haipigi kelele tena.

Kabla ya kurudi Katanga kuna mtego wa kiufundi unaowasumbua wanafunzi wengi wanaoandika memwari, yaani tasnifu. Ingiza tarakimu zetu zilezile 11 kwenye Excel kwa fomula ya QUARTILE.INC: mipaka inakuja 6 na 36, na pengo ni 30. Tumia QUARTILE.EXC: 5 na 44, pengo ni 39 kama tulivyopata kwa mkono. Chupa ni zilezile, majibu ni mawili, na yote ni halali. Kwa idadi kama hii, tofauti inatokana na swali dogo: ile mediani ya 15 iingie katika nusu zote mbili unapotafuta katikati zake, au ibaki nje? Rob Hyndman na Yanan Fan waliorodhesha njia tisa za kukata namna hii mwaka 1996, na programu ya R inazo zote tisa. Usipoiambia kitu inatumia ya saba, inayotoa 6 na 36. Kwa mamia ya watu tofauti hizi huwa ndogo mno. Kwa watu 11 ni tisa nzima kati ya 39. Mwenye sampuli ndogo na ataje njia aliyotumia, basi.

Turudi kwenye kobalti. Toka 5.27 mpaka 15.7 ni hatua ya 10.4. Toka 15.7 mpaka 43.2 ni hatua ya 27.5. Ukiangalia kwa kutoa, upande wa juu umenyooka karibu mara tatu ya upande wa chini. Lakini gawanya badala ya kutoa: 15.7 kwa 5.27 ni 2.98, na 43.2 kwa 15.7 ni 2.75. Pande mbili zinakaribia kulingana. Katikati ya mabano kwa kujumlisha na kugawa kwa mbili ni 24.2, mbali na kilichoripotiwa. Zidisha mipaka miwili utafute kipeuo cha pili: 15.1, hatua chache tu kutoka 15.7. Bila kuona chupa hata moja, mabano yenyewe yanakuambia kwamba kobalti ya majirani hawa inatawanyika kwa kuzidishana.

Kwa data ya namna hii pengo la 37.93 ni sahihi kihesabu lakini halisemi mengi. Kinachosema ni uwiano: 43.2 kwa 5.27 ni 8.2. Katika utafiti uleule risasi, kwa kundi hilohilo, ilikuwa 3.17 (1.47–5.49). Pengo lake ni 4.02, na ukililinganisha na lile la kobalti unajifunza tu kwamba kobalti ilikuwa nyingi kuliko risasi, jambo ulilokwisha kulijua. Uwiano wa risasi ni 3.7. Hapo kuna habari mpya: kobalti haikuwa nyingi tu, iligawanyika kwa watu bila usawa kuliko risasi. Jirani aliye kwenye mpaka wa robo ya juu alitoa kobalti mara nane ya aliye kwenye mpaka wa chini, na wote wawili wamehesabiwa kuwa ndani ya kilomita zilezile 3.

Kuna kanuni maarufu inayojengwa juu ya pengo la robo, ya Mmarekani John Tukey. Zidisha pengo kwa 1.5, ongeza juu ya mpaka wa juu, punguza chini ya mpaka wa chini. Aliye nje ya nyua hizo mbili hutiliwa shaka. Ijaribu hapa. 37.93 mara 1.5 ni 56.9. Ua wa juu ni 100.1. Ua wa chini ni hasi 51.6, yaani kiasi cha kobalti ambacho hakuna mkojo duniani unaoweza kuwa nacho. Kanuni ikishakupa jibu la namna hiyo, imekuambia yenyewe kwamba imewekwa mahali pasipo pake. Ifanye upya kwa logi. Uwiano wa 8.2 ukipandishwa kwa kipeo cha 1.5 ni kama 23.5, ua wa juu unakuwa 43.2 mara 23.5, takriban 1,014, na wa chini 5.27 gawanya kwa 23.5, yaani 0.22. Ua wa juu umehama kutoka 100 hadi elfu moja na ushee. Mtu mwenye 150 au 400 angetupwa nje kama kosa la maabara na anayefuata kanuni kwa mazoea, kumbe kwa umbo la data hii ni mtu wa kawaida wa robo ya juu. Na ndiye hasa anayehitaji kuonwa na daktari. Kufuta walio nje ya ua bila kuuliza walifikaje huko ni tabia mbaya popote. Karibu na machimbo ina madhara.

Sasa, tarakimu hizi ni kubwa kiasi gani? Kipimo cha kulinganisha ambacho watafiti walikishika ni 15, kiwango kinachotumika kufuatilia wafanyakazi wanaoshika kobalti viwandani. Kimekaa karibu kabisa na 15.7. Kwa hiyo mtu wa katikati, ambaye si lazima awe amewahi kuingia kiwandani, alikuwa sawa na mfanyakazi aliyefika kwenye kikomo. Robo ya juu inaanzia karibu mara tatu ya kikomo hicho. Waandishi waliripoti kwamba asilimia 53 ya watu walikipita, na kwa watoto asilimia 87, wakasema viwango hivyo vya kobalti ndivyo vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Kikomo cha mfanyakazi kimewekwa kwa mtu mzima anayemaliza zamu akaenda nyumbani. Hapa nyumbani ndiko kwenye zamu.

Hiyo 87 ya watoto lakini isomwe kwa uangalifu. Mtoto ana misuli michache, anatoa kreatinini kidogo, na kobalti yake inagawanywa kwa tarakimu ndogo. Jibu hupanda hata kama amepokea kiasi kilekile na babaye. Sehemu ya tofauti kati ya mtoto na mtu mzima ni ya kipimo. Siamini ni sehemu kubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono mdomoni, na kwa kila kilo ya mwili anakula na kupumua zaidi kuliko mkubwa.

Mtawanyiko wa mara nane ndani ya kilomita 3 unatoka wapi? Lubumbashi inatoa sehemu ya jibu. Kampuni ya madini ya Union Minière iliwasha tanuru lake hapa mwaka 1911, na baadaye likawa la kampuni ya Gécamines. Kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko, Penga Penga kwa mfano, ulijaa shaba na wenzake mpaka miti ikakataa kuota. Nyumba mbili zinaweza kuwa na umbali uleule kutoka kwenye bomba lile la moshi, moja chini ya upepo na nyingine juu yake. Duara la kilomita 3 linazihesabu kuwa sawa. Ongeza barabara ya vumbi yenye malori ya mawe, kisima hiki na kile, bustani ya mboga iliyomwagiliwa kwa maji ya mto ulio chini ya kiwanda, na kaka mtu ambaye ni krezeri, mchimbaji wa mkono, na anarudi jioni na nguo zake za kazi. Umbali ulikuwa chaguo la busara kwa utafiti wa kwanza, kwa kuwa unapimika na kila mtu anao. Lakini ile 8.2 inatuambia kwamba umbali ulieleza sehemu tu.

Iko chembe nyingine ndani ya 8.2, na hii huwapita hata wasomaji wazuri. Kila mtu alitoa mkojo mara moja. Sehemu kubwa ya kobalti inayofyonzwa hutoka haraka na mkojo, kwa hiyo chupa moja inashika zaidi yaliyomfika mtu siku chache zilizopita kuliko maisha yake ya miaka. Mabano ya Katanga yamechanganya mitawanyiko miwili: tofauti kati ya mtu na mtu, na tofauti ya mtu huyohuyo kati ya siku na siku. Kwa chupa moja moja haitenganishiki, hata upate watu elfu kumi.

Kuitenganisha kunataka kumrudia mtu yuleyule asubuhi kadhaa, zingine katika kiangazi cha Mei hadi Septemba vumbi likiwa juu, zingine mvua ikinyesha. Kila mtu awe na wastani wake wa kijiometri, kisha mipaka ya robo ichorwe juu ya hizo wastani. Uwiano ukibaki karibu na 8, tofauti iko kwa watu na mahali wanapokaa, na kazi ni ya kwenda mlango kwa mlango kuuliza maji yanachotwa wapi na nani anafua nguo za mgodi. Ukishuka hadi 3 hivi, sehemu kubwa ilikuwa ya siku, na swali linahamia barabarani, kwenye malori na saa wanazopita.