Kumsaka Babu Katika Madaftari ya Mahakama

Mtafiti wa nasaba aliyekomaa hana haraka ya kufungua faharasa. Mwambie babu mzaa babu yako alihamia Marekani akapata uraia wa tajinisi, naye atakuuliza maswali yanayoonekana kuwa nje ya mada: alilima au alifanya kazi kiwandani? Alifika mwaka gani? Kaunti ipi? Jirani zake walikuwa akina nani? Jina analiacha mwisho, kwa kuwa akina John Murphy waliokula kiapo Boston na New York ni wengi mno.

Maswali hayo yana msingi katika sheria yenyewe. Tangu 1790 mhamiaji aliweza kuomba uraia katika mahakama yoyote yenye kuweka kumbukumbu, iwe ya mji, ya kaunti, ya jimbo au ya shirikisho. Mpaka 27 Septemba 1906 hapakuwa na masjala moja ya taifa. Tena shughuli yenyewe ilikuwa na hatua mbili: kwanza tamko la nia, kisha, baada ya miaka kadhaa ya ukaazi, ombi na kiapo. Mtu aliweza kutoa tamko New York mara tu aliposhuka melini, akaenda kukamilisha Nebraska. Karatasi mbili za mtu mmoja, katika majengo mawili, majimbo mawili.

Kwa hiyo fundi huanzia kwenye sensa. Katika madaftari ya 1900, 1910 na 1920, karani aliandika herufi mbili mbele ya jina la mgeni: Al kwa asiye raia, Pa kwa aliyekwisha kutoa tamko, Na kwa raia. Sensa ya 1920 iliuliza hata mwaka wa kupata uraia. Ikiwa babu alikuwa mkulima huko magharibi, kuna mlango mwingine. Sheria ya ardhi ya 1862 ilimpa ekari 160 raia, au mgeni aliyetoa tamko la nia, na faili la shamba mara nyingi limebeba ushahidi wa uraia wake.

Akifika kwenye faharasa anakutana na tatizo la tahajia. Makarani waliandika walivyosikia. Dawa mojawapo ni Soundex, mfumo ambao Robert Russell alipewa hataza yake 1918: unabakiza herufi ya kwanza, unaacha irabu, na konsonanti zinazofanana kwa sauti zinapewa tarakimu moja. Smith ni S530; Schmidt naye ni S530. Mjerumani aliyebadilishwa jina na kalamu ya karani anapatikana katika droo ileile.

Hati za kabla ya 1906 kwa kawaida ni fupi: jina, nchi atokayo, na mfalme anayemkana. Hapo mwanagenzi hufunga jalada akidhani hakuna kitu. Fundi anatulia kwenye jina la mfalme. Poland ilikuwa imegawanywa na dola tatu jirani mpaka 1918, kwa hiyo Mpoland aliyemkana Kaisari wa Urusi hakutoka upande uleule na aliyemkana Franz Josef wa Austria. Mstari mmoja wa kiapo unampunguzia sana msako wa kijiji.

Nawaheshimu zaidi watafiti hawa wanapokataa. Jina limelingana, umri umekaribia, familia imeshaanza kushangilia, lakini mtafiti anasema bado. Anasoma majina ya mashahidi wawili waliosimama na mwombaji, kisha anawatafuta katika sensa: je, waliishi mtaa mmoja naye? Walifanya kazi pamoja? Analinganisha saini na ile ya wosia. Shahidi mara nyingi ni shemeji au mtu wa kijiji kimoja, na akithibitika huyo, babu naye amethibitika. Asipothibitika, hati inarudi droo, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Vilevile anajua karatasi ambayo haiwezi kuwapo. Kati ya 1855 na 1922 mke aliufuata uraia wa mumewe, kwa hiyo bibi anatafutwa kwa jina la mume. Wachina walifungiwa mlango wa uraia kuanzia 1882 hadi 1943. Kuwatafuta katika madaftari ya mahakama ni kupoteza muda, na faili zao nyingi ziko kwingine, katika kumbukumbu za uhamiaji.

Baada ya 1906 neema inaongezeka. Fomu zikawa za aina moja, nakala ikapelekwa Washington: tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli, urefu, rangi ya macho, majina ya watoto, na tangu 1929, picha kwenye tamko. Faili za uraia za 1906 hadi 1956 zinaombwa leo katika idara ya uraia na uhamiaji, ambayo ina kitengo maalumu cha nasaba.

Wapo ndugu zetu kutoka Bujumbura, Bukavu, Mombasa na Dar es Salaam wanaokula kiapo hichohicho Marekani kila mwaka. Ukiwa na wako, mwombe akuandikie jina lake kama lilivyo kwenye cheti, tarehe, na mji alikoapa, kisha uyahifadhi pamoja na vyeti vya familia. Wajukuu watayahitaji.