Hongera, Mtunza Tanbihi

Org, programu ya ndani ya kihariri-maandishi Emacs, ya kuandikia madokezo na kupanga kazi kwa maandishi matupu, ilianzishwa na mwanafalaki Carsten Dominik mwaka 2003. Mwongozo wake una tanbihi, na pongezi zangu ni kwa wanaozitunza. Nani huwakumbuka? Katikati ya sentensi huwekwa alama ya tanbihi, [fn:1]. Maelezo yake huanza mwanzo kabisa wa mstari, bila hata nafasi moja. Ukiacha mistari miwili mitupu mfululizo, tanbihi imekwisha hapo. Futa aya yenye alama hiyo bila kuangalia, na maelezo yake yatabaki yatima mwishoni mwa faili. Namba programu inaweza kuzipanga upya, ikiamriwa. Lakini amri ya Org inayotajwa katika tanbihi ikibadilishwa jina, lazima mtu ashuke huko chini akasome, neno kwa neno.