Mjadala wa Vina na Mizani Wadai Makala Moja

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndivyo ulivyokwenda mjadala wa ushairi wetu tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakafuatia na *Malenga wa Bara* mwaka 1976. Upande mmoja ulishikilia kwamba utungo usio na vina wala mizani si shairi. Wa pili ukajibu kwamba roho ya shairi ni fikra na lugha ya mkato, si hesabu ya silabi. Hoja hizo zimetawanyika katika dibaji, majarida na magazeti, na anayeutaka mjadala mzima leo hana budi kuuokota kipande kipande.

Vitabu vya shule vimeufupisha, bali vimeufupisha mno. Mwanafunzi huonyeshwa kambi mbili, wanamapokeo na wanausasa, na mara nyingi huachwa aamini kwamba ya kwanza ni Pwani na ya pili ni Bara. Mambo hayakuwa hivyo. Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Alamin Mazrui, aliyetoa *Chembe cha Moyo* mwaka 1988 na kutunga mashairi huru, ni mwana wa Mombasa. Mwaka huo huo Ibrahim Noor Shariff, katika *Tungo Zetu*, alitukumbusha wingi wa bahari zetu: mbali na shairi la mishororo minne kuna utenzi, utumbuizo, wawe, kimai na nyinginezo, kila moja na mwendo wake.

Kwa hiyo tunachohitaji ni makala moja ya mapitio, iandikwe na pande zote mbili kwa pamoja. Kazi yake ya kwanza iwe kutenganisha maswali matatu yaliyofumwa pamoja. Je, "shairi" ni jina la bahari moja, au la ushairi wote? Vina na mizani vina historia gani katika lugha hii? Na nani ana haki ya kubadili alichokirithi? Swali la kwanza ni la istilahi, la pili ni la ushahidi, la tatu ni la moyo. Wengi walilijibu la tatu huku wakidhani wanalijibu la kwanza. Ndiyo maana hawakusikilizana.

Kazi ya pili ni ya adabu. Kila upande uandike hoja ya mwenzake, na isichapwe mpaka mwenyewe akiri, "Ndivyo nisemavyo." Wanapokubaliana, waseme, wasipokubaliana, tofauti ibaki wazi, pamoja na jina la msemaji na mwaka aliosema. Suluhu ya haraka, ile ya "yote ni mashairi", ingeua mjadala bila ya kuutatua, na ingewadhulumu malenga waliojitolea umri wao kulinda kanuni, sawa na waliothubutu kuzivunja.

Wala muda hautungoji. Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Hawezi tena kumsahihisha anayemnukuu visivyo. Waliobaki waketi jamvi moja, waandike, ili wajukuu warithi hoja zenyewe na si mwangwi wa ugomvi.