Mwindo jukwaani: tuimbe, lakini tusikate mwisho

Kila mara tunapokaa na vijana wa teatri, iwe Butembo ao Beni, wazo moja linarudi: kuchukua hadithi kubwa ya Mwindo, ile ya jirani zetu Wanyanga wa Walikale, na kuifanya mchezo wa nyimbo, pamoja na korali, gitaa na ngoma. Wamoja wanafurahi sana. Wengine, hasa wazee, wanasema eti kuweka muziki ndani ya hadithi ya mababu ni kuiharibu.

Sisi pia tuna mashaka, lakini si hayo. Mwaka 1956, Mzee Shé-Kárisi Rureke alimtolea Daniel Biebuyck hadithi hii kwa siku 12. Aliimba, alisimulia, alicheza, aliiga watu na wanyama, mpaka sauti ikamwishia. Vijana walipiga kijiti kikavu, yeye akatikisa kibuyu, na watu waliokaa pale waliitikia na kumpa zawadi. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, na tunawashukuru, maana bila wao wengi wetu tusingeijua. Lakini kumbe ni karatasi njo iliondoa muziki! Anayerudisha nyimbo haongezi kitu kigeni.

Hatari iko kwa makasi. Siku 12 zitaingia namna gani katika saa mbili? Hata wazungu na pesa zao jambo hili liliwasumbua. The Lord of the Rings ya Tolkien, vitabu vitatu vinene, ilipandishwa jukwaani Toronto mwaka 2006 kwa nyimbo. Ilipopelekwa London mwaka 2007 ilibidi wafupishe, na ikafungwa mwaka 2008.

Kwetu tunajua mapema ni nini kitabaki. Mtoto anazaliwa akitembea, usinga wake, ile konga, mkononi. Baba yake Shemwindo, aliyekataza wake zake saba wasizae mtoto mwanaume, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Shangazi Iyangura anamwokoa. Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake, anarudi naye, baba anaungama mbele ya watu, na wote watatu wanaketi kwenye viti vya shaba, shangazi katikati. Korali inaimba kwa nguvu, taa zinazimika, watu wanapiga makofi. Mchezo muzuri kabisa.

Lakini hadithi haijaisha. Baada ya kiti cha shaba, Mwindo anaua joka Kirimu, na joka lile lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, yule yule aliyemsaidia Mwindo kupiga mji wa baba yake. Nkuba anampandisha mbinguni mwaka mzima. Huko shujaa anapigwa na baridi, mvua na jua, na konga yake haimsaidii kitu. Anakatazwa kuua nyama. Akirudi kijijini haleti tena majivuno, analeta amri: limeni vyakula vingi, msigombane, msimcheke kilema. Sasa je, hapa kwetu, ambapo watoto wamekwisha kuona mno mwenye silaha akiimbiwa, tutawaonyesha Mwindo aliyeshinda tu? Kama saa hazitoshi, afadhali safari ya kuzimu ipunguzwe, pamoja na vichekesho vyake, kuliko ule mwaka wa mbinguni. Tunajua watengeneza michezo hawatapenda, sababu mtu mukubwa anayetetemeka kwa baridi hapigiwi makofi mengi.

Neno lingine ni la lugha. Masimulizi yawe ya Kiswahili, sawa, Beni na Butembo yote itasikia. Lakini viitikio vibaki Kinyanga, na wafundishwe watazamaji kabla ya mchezo kuanza, hata kama watakosea. Na waitwe Wanyanga wenyewe kusikiliza mazoezi, si siku ya mwisho, wakati mavazi yamekwisha kushonwa. Mtu hawezi kuazima ngoma ya jirani kisha amwonyeshe namna ya kuipiga.

Na ile desturi ya kumpa msimulizi zawadi katikati ya wimbo? Tungependa irudi. Mtazamaji apande, aweke noti yake mkononi mwa mwimbaji, ashuke akicheza. Kwenye arusi zetu tunafanya hivyo bila kufundishwa na mtu.