Kwa nini bossa nova ya kinanda inaboa?

Kama umewahi kuchezea kinanda cha umeme, huenda umekutana na kitufe kilichoandikwa "Bossa Nova". Unabonyeza, mdundo unaanza, na baada ya dakika mbili umechoka. Wengi wetu tuliujua muziki huu kwa kitufe hicho kabla ya kumsikia Mbrazili yeyote, tukauhukumu kuwa muziki wa kusubiria lifti. Je, hukumu ilikuwa ya haki?

Jibu la haraka ni kwamba mashine haina roho. Sawa, lakini jibu hilo halimsaidii anayetaka kupanga muziki kwa kompyuta yake. Tuanze na hesabu. Ule mdundo wa kitufe kwa kawaida hugawanywa hatua 16, na mapigo yanayoutambulisha huangukia hatua ya 1, 4, 7, 11 na 14. Yaani kutoka pigo hadi pigo unahesabu 3, 3, 4, 3, kisha 3 tena kurudi mwanzo. Hiyo 4 ya katikati ndiyo inayokuyumbisha kidogo. Hapo mashine haikosei hata chembe.

Kosa liko kwingine. Msikilize João Gilberto katika "Chega de Saudade" aliyoirekodi mwaka 1958. Dole gumba linashika besi bila kuyumba. Vidole vingine vinavuta nyuzi kadhaa kwa pamoja, mara nyingi katikati ya mapigo. Halafu sauti: inachelewa, inakimbia mbele, kisha inakutana na gitaa pale ambapo hukutegemea. Utamu uko kwenye huko kupishana. Ukiifunga sauti kwenye hatua zilezile 16, umeua kitu chenyewe. Tena MIDI, lugha ya ala za elektroniki tangu 1983, inatoa viwango 127 vya nguvu ya pigo, lakini mpangaji mvivu anatumia kimoja tu!

Sasa chukua *Tanto Tempo* ya mwaka 2000, albamu ya Bebel Gilberto, binti yake João. Mtayarishaji wake mkuu, Suba, mzaliwa wa Yugoslavia, alifariki São Paulo mwishoni mwa 1999, kabla haijatoka. Elektroniki imo tele, ila haijamsukuma mwimbaji. Mashine inashika kazi ya kutoyumba, sauti ya Bebel inabaki huru. Kasoro ipo: kuna mahali kila kitu ni laini mno, unajikuta umekaa mapokezi ya hoteli. Hata hivyo albamu hii inaonyesha kwamba tatizo halikuwa umeme.

Kwa hiyo ukipanga bossa nova kwenye programu yako, usiinyooshe yote. Acha mashine ishike besi. Wimbo au gitaa lipige kwa mkono, na ile amri inayovuta kila noti kwenye mstari izime kabisa. Ukisikia umechelewa kidogo, usikimbilie kufuta. Sikiliza tena kwanza.