Ngoma ya Mbali Ndani ya Hadubini

Hadubini ya elektroni inayofanya kazi kwa volti 200,000 hutumia wimbi lenye urefu wa pikomita 2.5 tu. Atomu ya silikoni ni kubwa kuliko hapo mara themanini na zaidi. Lakini chora picha kwa zile elektroni pekee zilizoacha sehemu ya nishati yao ndani ya sampuli, na kingo zitatapakaa kwa nanomita kadhaa. Lenzi haina kosa.

Kinachofanyika ni kwamba elektroni haihitaji kugonga ili iache nishati. Uga wake wa umeme unatangulia kufika. Gawanya kasi yake, ambayo hapa ni asilimia 70 ya kasi ya mwanga, kwa mzunguko wa mtikisiko inaouamsha, nawe utapata umbali ambao uga huo bado una nguvu ya kuutikisa. Plazimoni ya silikoni, yaani mtikisiko wa pamoja wa elektroni za nje, inataka elektrovolti 17 hivi: umbali unatoka nanomita 8. Elektroni ya ndani kabisa ya kaboni inataka 284, na hapo umbali hushuka hadi nusu nanomita.

Kwa muda mrefu elektroni hizi zilihesabiwa kuwa ukungu wa kuchujwa na kutupwa. Katika holografia ya kawaida, mbinu ya kukutanisha mawimbi ya elektroni ili yachore mistari, hata mchujo hauhitajiki: wimbi lililopungukiwa elektrovolti 17 likikutana na lisilopungukiwa, mistari ya mwangaza na giza hukimbia mara milioni bilioni 4 kwa sekunde, na kamera haioni kitu. Lakini je, wimbi lililopungukiwa haliwezi kukutana na lenyewe?

Wanafizikia Hans Lichte wa Dresden na Bert Freitag waliligusa swali hilo mwaka 2000. Mwaka 2006 Lichte, akiwa na Pavel Potapov, Jo Verbeeck na Dirk Van Dyck, alilipima kwa undani. Vifaa viwili walivyoviunganisha havikuwa vigeni. Cha kwanza ni prizimu-pacha, kiuzi chembamba mno chenye chaji ambacho Möllenstedt na Düker walikibuni Tübingen katika miaka ya 1950. Cha pili ni kichujio cha nishati. Kiuzi huvuta pande mbili za mkondo wa elektroni mpaka zilaliane, hivyo nukta mbili za sampuli zilizotengana huangukia mahali pamoja. Ongeza volti za kiuzi, na nukta zinazokutanishwa huzidi kuachana. Kichujio nacho huruhusu tu elektroni zilizopoteza kiasi kinachotakiwa.

Uzuri wa mbinu hii, kwa maoni yangu, ni kwamba haiulizi elektroni ilipita wapi. Inauliza kama sampuli inaweza kutoa ushahidi. Ikiwa mtikisiko uliobaki kwenye silikoni unaweza kubainisha nukta hii na ile, mistari hufutika. Usipoweza, mistari husimama. Weusi wa mistari ndio rula.

Rula hiyo ilionyesha kwamba mshikamano wa wimbi, yaani uwezo wake wa kuchora mistari hiyo, hupungua upesi kadiri nukta mbili zinavyotengana, na kadiri nishati iliyopotea inavyokuwa kubwa. Nadharia ilikuwa imekwisha kudokeza hayo. Lililonivutia mimi ni jingine. Walipopima elektroni zilizopita kwenye ombwe, kando ya silikoni bila kuigusa, mshikamano uliongezeka kadiri zilivyopita mbali na ukingo.

Yaani mbali ni bora kuliko karibu? Fikiria ngoma inayopigwa kijiji cha pili usiku. Karibu unasikia kila kidole. Kwa mbali unabaki na mdundo mzito peke yake, na huwezi kusema unatoka nyumba ipi. Uga wa plazimoni nje ya uso ni hivyohivyo: sehemu zake zenye mawimbi mafupi hufa ndani ya nanomita chache, zenye mawimbi marefu ndizo zinazofika. Elektroni iliyopita mbali imeguswa na hayo marefu tu, nayo hayatofautishi nukta zilizokaribiana.

Kwa hiyo ukiiona ramani ya plazimoni yenye mng’ao hafifu nje ya ukingo wa sampuli, mahali pasipo na atomu hata moja, usiufute kama uchafu wa kamera. Zile elektroni zilipita hapo kweli, zikalipa ushuru bila kuingia mjini.